Mwaka wa Sahani Zilizofunikwa

Juma lililopita tulimzika Mama Mukulu pale Kalembe, na mvua haikutupa hata nafasi ya kumaliza wimbo. Alikuwa mke mkubwa wa marehemu mume wangu, mwami wa zamani, mtawala wa nchi yetu. Mimi nilikuwa mke mdogo, na kwa kuwa katika wake zake nimebaki peke yangu, watu waliamua kwamba mimi ndiye wa kusimama na kueleza maisha yake. Nilisimama. Nikasema alikuwa mwanamke hodari, kwamba hakuna aliyempita kwa kupika mateke, yale magimbi yetu, kwamba Mungu ampokee, nikakaa. Nyuso zilishuka. Walitaka zaidi. Siku hizi wajukuu wana maneno ya shule, wanatuita malkia. Mmoja wao alinionyesha katika kitabu chake picha ya mke wa mtawala fulani wa Wazungu wa kale, kule Uingereza, amekaa karibu na dirisha la nyumba ya mawe, kichwani ana kitambaa kirefu, mikononi sindano na nyuzi, na nje kuna farasi. Akaniuliza, "Koko, na weye ulikuwaka vile?" Nilimtazama sana yule mwanamke. Nguo yake sikuijua, farasi sijapanda, wala nyumba yetu haikuwa na dirisha. Lakini namna alivyokaa, mgongo umenyooka na macho yamekwenda nje, niliijua mara moja. Nikamwambia mtoto, "Njo vile," naye akaenda kucheza ameridhika.

Aliyenifungua mdomo si mjukuu wala si marehemu. Ni kaka yangu Bauma. Alipanda kutoka Mpofi na mtungi wa mafuta ya ngazi, yale mekundu ya mawese, mzee wa fimbo sasa, kwa sababu watu wa kule hawawezi kukosa kwenye msiba wa mama wa mwami aliyefuata. Hatukuwa tumesemezana tangu ule mwaka ninaotaka kuuandika. Tulipokutana harusini tulipitana, tulipokutana kanisani kila mmoja alitazama madhabahu. Siku zote za matanga alikaa upande wa wanaume, akinywa kasiksi, pombe ya ndizi, kidogo kidogo, bila kunitazama. Siku ya kuondoa matanga, watu walipokuwa wanakunja mikeka, alichukua kiti chake akaja kukaa karibu nami. Alichoniambia nitakiweka mahali pake. Kwanza niseme mwaka wenyewe, maana bila huo maneno yake ni maneno ya mzee yeyote.

Namna nilivyopelekwa kwa mwami nitaiacha. Ni habari ya wazee na mbuzi, na mimi sikuulizwa. Ulikuwa wakati wa Wabelgiji, miaka ya hamsini imeanza, na barabara ya kwenda Walikale bado wanaume wetu waliichimba kwa jembe. Nilikuwa msichana aliyemaliza katekisimu juzi tu, na kwa kuolewa na mtu mwenye wake wengine nilikuwa nimefungiwa komunyo kabla sijaizoea. Mji wa mwami ulikuwa juu ya kilima, Kalembe ikiwa chini yake, umezungukwa na ua wa matete. Mbele kulikuwa na mlango wa watu, nyuma mlango wa wake. Nyumba yake ilikuwa kubwa, majani ya paa yanakaribia kugusa ardhi, na ndani iligawanywa kwa ukuta wa mianzi. Upande wa huku palikuwa na moto, viti vya wazee na ngoma. Upande wa kule palikuwa na vitanda viwili. Kimoja cha chuma kililetwa na Bwana wa teritwari, Mzungu mkuu wa wilaya, kama zawadi, na mwami hakukilalia hata siku moja, aliwekea kofia yake nyeupe ya Kizungu na vibuyu vya kasiksi. Kingine cha miti na mikeka ndicho alicholalia. Mlikuwa na harufu ya moshi, ya ngozi ya chui na ya mzee. Siku za kwanza ilinitia kichefuchefu, baadaye niliizoea hata nikaitafuta.

Kazi yangu ilikuwa kupika. Mke mdogo ndiye hupika, mke mkubwa ndiye huonja na kulaumu. Na mwami wa kwetu alikula peke yake. Tangu siku anapotawazwa hakuna anayemwona akitafuna, hata mama yake mzazi. Nilipakua kwenye sahani ya mti, mateke au ndizi, maharagi, sombe ya majani ya muhogo, nyama watu wa Walikale walipoleta. Nikafunika kwa jani la mgomba nililolipitisha kwenye moto ili lilainike, nikapiga magoti mbele ya mianzi, nikasukuma. Mkono wa Papa Hangi, mtunza nyumba wake, ukaipokea. Tukasubiri. Mji mzima ulisubiri, kuku tu ndio hawakusubiri, mpaka kusikika kikohozi chake kikavu, mara mbili, kama mtu anayebisha hodi. Hapo ndipo kila nyumba ilipofunua chungu chake. Watoto wenye njaa walikuwa wanakijua kikohozi kile kuliko sauti ya baba zao. Nilikuwa mke wa mtu yule na sikuwahi kuona meno yake yakiuma kitu. Hakuwa mbaya. Mara moja alisema kutoka nyuma ya mianzi, "Kahindo, leo ulipika na moyo," nami nilikaa na maneno hayo wiki nzima kama mjinga.

Kulikuwa na sheria nyingine, na hii ndiyo iliyonikata. Mke wa mwami havuki ua bila ruhusa yake, na ruhusa hiyo haibebwi na mtu mwingine. Yeye mwenyewe huja kwenye mlango wa nyuma, humimina maji kidogo miguuni pa mke, na kusema kwa kinywa chake, "Nenda, urudi." Alinifanyia hivyo mwanzoni mwa mwaka ule, mama yangu alipoanza kuumwa na tumbo. Nilishuka kwetu Mpofi. Mtu akitoka kilimani alfajiri huingia Mpofi jua bado liko juu ya miti, na joto la kule chini lilinipokea kama mtu wa nyumbani. Mama alikuwa amekonda lakini alikuwa anatania. Alinifanya nikae kitini, yeye akakaa chini, akasema hawezi kukaa juu ya mke wa mwami, akacheka mpaka akashika tumbo. Nilipoondoka alinishika kifundo cha mkono, si mkono, kifundo, akaniambia, "Nikikuita tena, usikawie. Sitakuita bure." Nikaahidi. Nani haahidi?

Msimu wa mvua ulipokaza, kifua cha mwami kiliziba. Alikunywa dawa za miti na vidonge vya Wapadri, vyote pamoja, kwa kuwa hakutaka kumkosea mtu. Asubuhi moja nilisukuma sahani, na mkono wa Papa Hangi haukuja. Alitoka Mama Mukulu. Macho yake makavu, kikwembe amekifunga juu ya kifua kama mtu anayekwenda shambani. Akanivuta ndani, upande ule ambao sikuwahi kuingia mchana. Wazee watatu walikuwa wamesimama pale. Kitanda cha miti kilikuwa kitupu na mikeka imekunjwa. Ukutani nyuma yake palikuwa na udongo mbichi, mahali walipotoboa alfajiri wakampitisha na kuziba tena, kwa sababu mwami hatoki kwa mlango. Walikuwa wamekwisha kumpeleka msituni kwa baba zake.

Kwetu mwami hafi. Hafi mpaka mwingine akae. Kabla ya hapo ngoma inaendelea kupigwa, moto unawashwa, na mtu anayetamka kwamba mwami amekufa anahesabiwa kuwa ndiye aliyemuua. Kwa kawaida ni jambo la siku chache. Lakini mrithi, mtoto wa Mama Mukulu, alikuwa anasoma kwa Wapadri kule upande wa ziwa, na mvua ilikuwa imebeba madaraja. Na huku kwetu alikuwepo karani wa teritwari, binamu wa mwami, mtu wa kaptula zilizopigwa pasi, ambaye kila mtu alijua kwamba Wazungu wangempenda zaidi kitini. Mkubwa wa wale wazee alininyooshea kidole. Alisema polepole, kama anayemfundisha mtoto njia ya kisimani.

"Weye utapika. Hangi atakula. Na Hangi atakohoa. Karani iko Kalembe anaangalia. Akijua kiti iko bule, atakaa yeye. Hapana kulia. Mwenye kulia njo ameuza inchi."

"Na bantu ba inje?" niliuliza.

"Bantu ba inje habajui kitu. Na habatajua."

Nilimwamini. Alikuwa na mvi, mimi nilikuwa na katekisimu.

Basi nikapika. Nilipika kama nilivyopika siku zote, kwa kuwa Mama Mukulu alisema moshi ukipungua na chumvi ikipungua, mtu atanusa. Nilipiga magoti, nikasukuma sahani iliyofunikwa, na mkono wa Papa Hangi ukaipokea. Kisha nikamsikia yule mzee akila. Hilo ndilo lililokuwa jipya, kwamba nilisikia. Mwami alikula kimya. Hangi alikula akilia, akitafuna na kuvuta kamasi. Alikuwa amemhudumia bwana wake tangu ujana wao, na sasa alilazimishwa kula chakula chake. Akimaliza alikohoa, mara mbili, kikavu, na mji ukafunua vyungu. Siku ya kwanza nilidhani mwami amerudi. Baadaye nikawa nakingoja kikohozi kile kwa hasira. Nilikuwa mjane wa mtu ambaye hajafa, na nilikuwa na njaa ambayo haikuwa ya chakula. Wanawake walioleta kuni waliacha kuimba wanapopanda kilima. Watu wa Walikale walioleta nyama waliitua mlangoni wakageuka, hawakuomba kumsalimu mwami kama zamani. Niliyaona hayo yote. Sikuyafikiria.

Ndipo Bauma akaja. Kwa kuwa mimi ni mke wa mwami na yeye ni mwanamume wa nje, tulizungumza ua ukiwa katikati, kwenye ule mlango wa nyuma, na ilimlazimu kuniita Mama ingawa tulikuwa tumelala mkeka mmoja tukiwa watoto. Alikuwa amelowa mpaka magotini na miguu ina matope mekundu.

"Mama, mama yetu iko mbaya," alisema. "Hali tena. Anakuita. Alisema usikawie."

Moyo wangu uliruka ukaondoka kabla yangu. Nikasema, "Ngoja, naenda kuuliza mwami."

Nilikwenda kweli. Hapo ndipo ninapojionea huruma, nikimkumbuka yule msichana. Nilipita upande wa kule wa mianzi, nikasimama mbele ya kitanda kitupu, na nikamweleza mwami kwamba mama yangu anakufa na ninaomba njia. Papa Hangi alikuwa amekaa sakafuni karibu na kitanda cha chuma. Nilimgeukia, nikamshika miguu. Nilimwomba aniage yeye, kutoka ndani, kwa maneno mawili tu, na maji nitajimiminia mwenyewe. Alikuwa anaweza kukohoa kama mwami, kwa nini asiweze kusema kama yeye? Mzee alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

"Mutoto, kukohoa ni kifua tu," alisema. "Kila muntu iko na kifua. Lakini sauti ya mwami, nikiitosha mu kinywa yangu, mimi nakufa na weye unakufa, na yule mama unamukimbilia utamukuta amekufa. Usiniombe ile."

Nilikwenda kwa wazee. Wakasema hawana kinywa cha kuniruhusu. Nilikwenda kwa Mama Mukulu, nikalia mbele yake bila sauti, kama tulivyokuwa tumezoea kulia. Alikuwa anachambua maharagi. Hakuacha. Alisema, "Ukitoka, karani atauliza nani alikupa njia. Utajibu nini?" Mtoto wake alikuwa njiani, anavuka mito, na kila siku niliyobaki ndani ya ua ilikuwa daraja chini ya miguu yake. Nilimchukia sana mwanamke yule. Nilichukia hata vidole vyake.

Nikarudi kwa Bauma na kumwambia mwami hajajibu. Hakuondoka. Alilala Kalembe kwa katekista, akaja tena asubuhi, akasimama palepale mvuani. Akaja tena kesho yake. Kila mara nilimwambia neno lilelile: mwami hajajibu, mwami amechoka, mwami anakohoa. Ilinichoma kuona kaka yangu anamchukia mume wangu kwa ukatili ambao hakuwa nao, tena marehemu, lakini ningefanya nini? Yeye hakujua, na mimi nilikuwa nimekatazwa kumjulisha. Siku ya mwisho aliyokuja hakuuliza kitu. Aliutazama ua, akautazama mlango, kisha akaniangalia machoni.

"Mama, mulango iko wazi," alisema.

"Naona."

"Na mulinzi hakuna."

"Bauma, mwami atanikasirikia."

Matone yalikuwa yanadondoka kwenye ncha ya pua yake na hakuyafuta. "Mwami?" aliuliza.

"Ndiyo, mwami."

"Haya," alisema. Akageuka, akashuka kilima bila kuaga, nami nikaenda kupika maana saa ya kupika ilikuwa imefika.

Habari ililetwa na mtu wa Mpofi aliyekuja na mafuta ya ngazi. Alitua mtungi, akasema akiangalia chini, "Mama yenu ya Mpofi amelala," akaondoka. Nilikuwa katikati ya uwanja, na mtu yeyote aliyepita njiani angeweza kuniona kupitia matete. Nilihisi kilio kinapanda kutoka chini ya tumbo. Kilikuwa kwa kweli kilio cha mtoto, kilikuwa na neno "mama" ndani yake. Lakini mlio ule ukisikika katika mji wa mwami, nani angeuliza analiliwa nani? Karani angepanda kilima na askari kabla sijapumua. Kabla sijafungua kinywa, mkono ulikifunga. Ulikuwa mkono wa Mama Mukulu, unanuka vitunguu, ukanibana meno na midomo pamoja, na mkono mwingine ukanikokota mpaka jikoni. Aliniketisha. Akachukua kuni mbichi, zile tulizokuwa tunaziweka nje zikauke, akazirundika motoni. Moshi ukajaa. Haukuacha hata ukuta uonekane.

"Sasa macho inaweza kutosha maji," alisema. "Sauti hapana."

Alibaki. Ningetaka kuandika kwamba aliondoka akaniacha, ingekuwa rahisi zaidi kumchukia maisha yangu yote. Alikaa mule ndani pamoja nami, akikohoa, machozi yakimtoka yeye pia, na mkono wake hakuuondoa kinywani mwangu mpaka nilipolegea. Kisha tukaosha nyuso, nikapakua, nikafunika kwa jani. Chakula cha siku ile kilinuka moshi, na Papa Hangi akala vyote.

Baada ya hapo sikuwa mtu. Niliamka, nikawasha moto, nikapika, na ndani yangu palikuwa patupu kama kile kitanda. Nilifikiria kujitupa mtoni, na nikaacha kwa sababu hata kwenda mtoni ilikuwa kuvuka ua. Maji ya nyumbani aliyaleta mtumishi. Niliomba Mungu mrithi afie njiani. Niliomba hivyo, sitaficha, kisha nikaogopa nikaomba asife. Mwishowe akafika, kijana mwembamba mwenye viatu vilivyokufa, na wazee wakamkalisha kitini asubuhi moja kabla karani hajamaliza kunyoa ndevu. Ngoma ikabadilika. Mkubwa wa wazee akatoka uwanjani, akatamka kwamba mwami amelala, na nchi nzima ikaruhusiwa kulia.

Nikalia. Nilijitupa chini kwenye matope. Nilipiga ukelele ule niliokuwa nao tangu siku ya mafuta, nikaita mama, mama, na hakuna aliyeshangaa kwa sababu kila aliaye huita mama. Nililia mpaka sauti ikakatika na damu ikaja kinywani. Wanawake walinibeba. Walisema hawajaona mke mdogo anayempenda mzee namna ile. Walitunga hata nyimbo, na nyimbo zikashuka kilima zikafika Mpofi. Baadaye nilituma mtu kwa Bauma nikaomba nije niketi kaburini. Jibu lilikuja fupi: aliyelilia mwami abaki kwa mwami. Nikabaki. Mwami mpya alinichukua kama mama yake mdogo, alinijengea nyumba karibu na ya Mama Mukulu, na sisi wawili tukazeeka tukigombania jiko moja. Hatukuzungumza kamwe juu ya moshi ule. Mwaka huu, alipokuwa mgonjwa na mimi ndiye niliyemlisha, alinishika mkono akauweka kwenye midomo yake mwenyewe, akaubana pale. Sikujua ananiomba msamaha au ananikumbusha kunyamaza. Mpaka anakufa sikujua.

Sasa Bauma. Alikaa kwenye kiti chake karibu nami, watu wakikunja mikeka, na alianza bila salamu, kana kwamba tulikuwa tunaendelea na mazungumzo ya asubuhi ile.

"Kahindo," alisema. Hakuniita Mama. "Siku ile uliniambiaka mwami atakukasirikia. Ulinionaka mujinga?"

Nikamwambia ukweli, kwa kuwa aliyebaki wa kunikataza tulikuwa tumemfukia. Nilimwambia mwami alikuwa amekwisha kufa zamani siku zile zote. Nilimwambia juu ya kitanda, juu ya kikohozi cha Hangi, juu ya kuni mbichi. Nilisema kilio walichokitungia nyimbo kilikuwa cha mama. Nilitegemea ashangae, hata aanguke kwenye kiti. Hakushangaa. Aliiweka fimbo yake chini taratibu.

"Nilijua alikufa," alisema. "Nani hakujuaka? Mpaka batoto ba Mpofi balijua. Wee, muntu anakohoa mara mbili kila siku, sawasawa, bila kuzidisha? Mwami muzima hakuwaka nakohoa vile. Kinywa tu njo hakikusema, juu ni muiko."

"Ulijua?"

"Nilisimama pale juu ya kukungoja utoke. Nilikuambia mulango iko wazi. Nani angekukamata, mufu? Karani naye alijua, alikuwa nangoja tu muntu wa kutamka. Ungetoka tu, dada. Hakuna hata moja angekuuliza, juu kukuuliza ni kutamka. Lakini ukasema mwami atakukasirikia. Njo nikasema, basi, amekataa mama."

Ardhi haikutikisika. Watoto walikuwa wanacheza na matete ya matanga, mtu alikuwa anaita kuku. Niliona ule mlango wa nyuma, wazi, na mvua nje yake, na mimi nimesimama ndani nikilinda siri ambayo ilikuwa imekwisha kunitangulia Mpofi. Nilitaka kumuuliza neno moja na niliogopa sana kuliuliza. Nikauliza.

"Na mama?"

Alijifuta uso kwa kiganja, kitendo ambacho hakukifanya mvuani siku ile.

"Mama njo wa kwanza kufurahi. Alisema, 'Kama mwami amekufa, basi mwanangu atakuya. Mwenye kumufunga hakuna tena.' Kila magaribi alitutuma tukuwekee chakula, tufunike na jani. Asubui hauyakuya, tunakula sisi. Siku alikufa, sahani yako ilikuwa pale, imefunikwa."

Sikulia. Nilikuwa na ruhusa, hapakuwa na karani wala mkono kinywani, na sikulia. Nilikaa nikiangalia vidole vyangu, vilivyofunika sahani zote zile. Kisha niliona Bauma ana njaa; mzee aliyepanda kutoka Mpofi, amekaa msiba mzima akinywa tu. Nikasimama, magoti yakinilaumu, nikaenda jikoni, nikampakulia mateke na maharagi. Palikuwa na jani la mgomba pale mezani na mkono wangu ulikwisha kulishika. Nikaliacha. Nikambebea sahani wazi, moshi wake ukipanda mbele ya watu, nikaiweka mapajani mwake, nikakaa kando yake. Kaka yangu akala, nami nikamtazama akitafuna mpaka akamaliza.